Vidonge vya Manjano vya Ituri

Mwishoni mwa mwaka 2014, huko Ituri, kaskazini-mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo, mahali ambapo nchi hiyo jirani yetu inapakana na Uganda, wagonjwa wa namna isiyokuwa ya kawaida walianza kufikishwa katika vituo vya afya. Shingo zao zilikuwa zimepinda, na za wengine zimevutika nyuma. Taya zilikuwa zimekaza, ndimi zimetoka nje ya vinywa, na macho yametazama juu yasiweze kushushwa. Wengi wao walikuwa watoto. Mganga yeyote wa sehemu zile, akiletewa mtoto aliyekakamaa shingo, hufikiri kwanza juu ya homa ya uti wa mgongo, maana huo ni ugonjwa unaoua upesi na kuenea upesi. Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa huko Ituri, na hakuna haki ya kuwalaumu waliodhani hivyo.

Lakini vipimo havikuithibitisha homa hiyo, na wagonjwa waliendelea kuja wiki hata wiki, mwezi hata mwezi. Shirika la madaktari liitwalo Médecins Sans Frontières lilishiriki katika kutafuta chanzo, na hatimaye chanzo kikapatikana mahali ambapo hapakutazamiwa. Kilikuwa ndani ya vidonge vidogo vya rangi ya manjano. Mwezi Julai mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa mataifa yote, kwamba vidonge vilivyokuwa vikiuzwa huko kwa jina la diazepamu, katika makopo ya vidonge 1,000, havikuwa diazepamu hata kidogo. Vilikuwa na dawa nyingine kabisa iitwayo haloperidoli, kati ya miligramu 10 na 20 katika kila kidonge. Kufikia mwezi Agosti wa mwaka huo watu zaidi ya 900 walikuwa wamekwisha kulazwa, na baadhi yao, watoto wadogo wakiwamo, walikufa.

Huenda msikilizaji akauliza kwa nini tunalifufua leo jambo lililokwisha kupita. Tunalifufua kwa sababu tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na biashara iliyokuwa ikivuka mipaka yetu kwa miguu, kwa mitumbwi na kwa baiskeli sasa inavuka pia kwa malori na kwa hati halali. Pamoja na vitenge, samaki wakavu na sabuni, dawa nazo husafiri. Na tunalifufua pia kwa sababu yaliyotokea Ituri yanaeleza, kuliko hotuba yoyote, jinsi dawa inavyoweza kumdhuru mtu na jinsi madhara hayo yanavyoweza kukaa mbele ya macho ya watu wote yasitambulikane.

Yafaa kwanza zieleweke dawa mbili hizo. Diazepamu, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Valium, ni dawa ya kutuliza. Humpunguzia mtu wasiwasi, humletea usingizi, hulegeza misuli na hukatiza degedege. Haloperidoli iligunduliwa Ubelgiji mwaka 1958, nayo ni dawa ya maradhi makubwa ya akili, dawa ambayo imewarejesha nyumbani watu wengi ambao zamani wangalifungwa kamba au kufungiwa vyumbani. Si sumu, basi, na wala si dawa mbaya. Hufanya kazi kwa kuzuia kemikali moja ya ubongo iitwayo dopamini isifikishe ujumbe wake. Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuratibu mwendo wa misuli. Ikizuiwa kupita kiasi, hasa ghafla na hasa kwa kijana au mtoto, misuli ya uso, ya ulimi, ya macho na ya shingo hupoteza mpango wake ikaanza kujikaza yenyewe. Mtu mzima anayetibiwa kwa haloperidoli huweza kuanzishiwa nusu miligramu au miligramu chache tu, chini ya uangalizi. Mtoto wa Ituri aliyemezeshwa kidonge kimoja cha manjano alikuwa amepewa kiasi ambacho daktari angesita kumpa mtu mzima siku ya kwanza.

Sasa hapa ndipo penye ajabu ya jambo hili. Kupinda kwa shingo kutokana na haloperidoli si siri. Kumeandikwa katika vitabu vya utabibu kwa miaka mingi, na muuguzi yeyote wa hospitali ya akili amekwisha kukuona. Tena tiba yake inajulikana na si ghali, kwani mgonjwa akichomwa sindano ya dawa ifaayo, mara nyingi shingo hulegea kabla ya saa moja kwisha. Kwa nini basi miezi ikapita? Ni kwa sababu hakuna mtu aliyejua kwamba wagonjwa wale walikuwa wamemeza haloperidoli. Kopo lilisema diazepamu. Muuzaji aliamini kopo. Mzazi hakuliona hata hilo kopo. Na mganga alipouliza mtoto amekula dawa gani, kama aliuliza, jibu alilopata halikuweza kumfikisha popote.

Tufikirie jambo moja zaidi, ingawa ni la kukadiria tu. Diazepamu ya kweli ni miongoni mwa dawa zinazoweza kutumiwa kulegeza misuli iliyokaza namna hiyo. Mganga mwenye nia njema, akimwona mgonjwa amekakamaa, angeweza kabisa kunyoosha mkono akatoa kidonge kutoka katika kopo lile lile lililomwuguza.

Tukiacha Ituri kwa muda, tutazame nyumbani. Katika miji na vijiji vyetu, na vya jirani zetu wote, desturi ya kuuza dawa ni moja. Kopo kubwa la vidonge hufunguliwa juu ya meza; vidonge huhesabiwa, aghalabu kwa mkono, vikatiwa katika kifuko cha plastiki au bahasha ndogo ya karatasi, na juu yake pakaandikwa kwa kalamu “2 x 3” au “1 x 2”. Mara nyingi hayo ndiyo maandishi pekee. Jina la dawa halipo, wala miligramu, wala tarehe ya mwisho wa matumizi, wala namba ya toleo la kiwandani. Mnunuzi huondoka akijua idadi ya kumeza, asijue anachomeza. Na hata hiyo idadi mara nyingi haieleweki ipasavyo. Anayeambiwa ameze viwili mara tatu kwa siku hukusudiwa apishanishe kwa saa nane nane, lakini wengi humeza asubuhi, adhuhuri na magharibi, wakalala usiku mzima bila dawa mwilini, au wakisahau ya mchana humeza vinne jioni ili kufidia. Kufidia namna hiyo ni hatari kwa dawa nyingi. Dozi iliyosahauliwa humezwa mara inapokumbukwa, na ikiwa saa ya dozi nyingine imekaribia, ile ya kwanza huachwa.

Kumwomba muuzaji aandike jina la dawa si kumtilia shaka, na wala si utovu wa adabu. Ni haki ya mnunuzi, nayo haimgharimu muuzaji ila wino kidogo.

Ama kuhusu madhara yenyewe, watu wengi huyaelewa kwa namna mbili, na zote mbili zina upungufu. Wako wanaodhani kwamba dawa nzuri haina madhara, na kwa hiyo wakisikia kichefuchefu tu huitupa. Wengine hudhani kwamba dawa kali ni lazima iumize, na kwa hiyo huvumilia hata lile lisilopaswa kuvumiliwa. Ukweli ni kwamba kila dawa yenye nguvu ya kuponya ina nguvu ya kufanya mambo mengine pia, kwa kuwa haijui kwenda kwenye kiungo kinachougua peke yake. Huingia katika damu, na damu huzunguka mwili mzima. Kidonge cha maumivu ya goti hupita tumboni, kwenye ini na kwenye figo kabla na baada ya kufika gotini.

Yako, basi, yale ambayo wahudumu wa afya wa kwetu huyaita maudhi madogo madogo, na jina hilo limechaguliwa vizuri. Hukera lakini hayaui, na mengi hupungua mwili unapozoea. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini huona mkojo wake umekuwa wa rangi ya machungwa, na asipokuwa ameambiwa mapema hudhani anakojoa damu. Anayepewa kwinini husikia masikio yakivuma. Nchini Burundi, na kwetu Zanzibar pia, mwaka 2003 ilianza kutumiwa dawa ya malaria iliyochanganya artesuneti na amodiakwini, na amodiakwini huweza kumwacha mtu mchovu na mwenye kichefuchefu, hasa akiwa hajala. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuelezwa, na anahitaji uji kabla ya kidonge.

Watu wazima miongoni mwetu wanaikumbuka klorokwini. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara, mpaka ilipoachwa mwaka 2001 kwa kuwa vijidudu vya malaria vilikuwa vimekwisha kuizoea. Dawa hiyo ilikuwa na udhia mmoja mashuhuri, nao ni muwasho. Watu wengi wa Afrika, kuliko watu wa mabara mengine, waliwashwa mwili mzima, hasa viganjani na nyayoni, muwasho ambao hakuna kukuna kulikoutuliza. Haukuwa ukiacha alama yoyote kwenye ngozi, na kwa hiyo wengi waliambiwa ni fikra zao tu. Wengi wakaamua kunywa siku moja badala ya tatu, homa ikashuka, vidonge vilivyobaki vikawekwa kabatini kwa ajili ya mtoto atakayeugua baadaye. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekimbia mateso ambayo hakuna aliyewapa maelezo yake. Lakini dozi isiyokamilika iliacha vijidudu vyenye ukaidi vikiwa hai, na huo ulikuwa mchango, pamoja na mambo mengine mengi, katika kuifisha dawa yenyewe.

Baada ya klorokwini ikaja dawa ya salfa iliyochanganywa na pirimethamini, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar, ikatumika mpaka dawa mseto iliposhika nafasi yake mwaka 2006. Hiyo nayo ilitufundisha sura nyingine. Muwasho wa kawaida haikuwa nao, na watu wengi mno waliitumia bila shida yoyote. Ila kwa mmoja mmoja, mara chache sana, dawa za jamii ya salfa huamsha ugomvi mkubwa kati ya mwili na dawa. Ngozi hutoka malengelenge, midomo na macho hupata vidonda, na ngozi yenyewe huambuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Hali hiyo huweza kuua. Huweza kuletwa pia na Septrin, ambayo nayo ina salfa, na na dawa nyinginezo zisizokuwa za salfa, kama vile nevirapini iliyokuwa ikitumiwa sana kwa wagonjwa wa UKIMWI, na baadhi ya dawa za kifafa. Huanza kwa upole: homa, macho kuwa mekundu, vidonda kinywani, vipele vyenye kuuma. Mtu huyachukulia hayo kuwa ni ugonjwa mwingine, akaendelea kumeza dawa ile ile, na kila kidonge anachoongeza humzidishia.

Kwa hiyo mpaka kati ya udhia na hatari ni lazima ujulikane na mgonjwa mwenyewe, maana mganga hayupo nyumbani kwake saa nane za usiku. Midomo, ulimi au macho yakivimba, au pumzi ikibana mara baada ya kumeza dawa au kuchomwa sindano, hilo si la kungoja asubuhi. Vivyo hivyo vipele vinavyokuja pamoja na vidonda vya kinywa au malengelenge. Macho kugeuka manjano. Mkojo kuwa mweusi kama kahawa, au kukatika kabisa. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami kwa anayetumia dawa za maumivu. Kuchanganyikiwa, kuzimia au kushikwa na degedege. Na lile la Ituri, yaani shingo, taya au macho kwenda upande usiotakiwa. Mwenye dalili mojawapo ya hizo huacha dawa na kwenda kituo cha afya papo hapo, akiichukua dawa yenyewe. Mwenye udhia tu huendelea na dawa, lakini naye aende akaulize, asijiamulie. Ziko dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari kuliko kuendelea nazo, kama zile za kifafa, au prednisoloni kwa aliyeitumia kwa muda mrefu.

Tuongeze kwamba shingo kupinda hakutoki kwenye haloperidoli peke yake wala kwenye dawa za udanganyifu tu. Iko dawa ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, inayotolewa kila siku katika hospitali zetu, nayo huweza kuleta hali hiyo hiyo kwa vijana na watoto, hata ikiwa dawa ni halisi na kipimo ni sahihi. Wazazi wengi wanaomwona binti yao amegeuka hivyo usiku hudhani amepagawa, na badala ya kumpeleka hospitali humwita mtu wa kumpunga. Binti huyo anahitaji sindano moja, pamoja na mtu atakayesema kwamba jana alipewa dawa ya kutapika.

Iko hatari nyingine isiyopigiwa kelele, nayo hukaa katika dawa tunayoiamini kuliko zote. Parasetamoli ni dawa njema ya homa na maumivu, lakini mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na walio wadhoofu au walevi wanapaswa kutumia pungufu ya hapo. Tatizo ni kwamba parasetamoli ina majina mengi. Imo katika Panadol, imo katika dawa nyingi za mafua, na imo katika vidonge vya maumivu vilivyochanganywa. Mtu mwenye homa kali hununua aina tatu katika maduka mawili, akazimeza zote, asijue kwamba amemeza kitu kimoja mara tatu. Ini huumia kimyakimya. Siku ya kwanza mgonjwa huweza kuwa na kichefuchefu tu, akadhani amepona, na manjano ikaonekana siku kadhaa baadaye wakati tiba imekwisha kuchelewa. Aspirini nayo, ambayo zamani kila mama aliigawa nusu akampa mtoto, haifai kwa watoto wenye homa isipokuwa kwa amri ya daktari, na tetrasaiklini haifai kwa watoto wadogo wala kwa wajawazito kwa kuwa huharibu meno yanayoota.

Juu ya mitishamba tutasema neno moja tu. Anayeitumia amwambie daktari bila aibu, na daktari asimkemee, kwa sababu akikemewa leo, kesho ataficha.

Turudi mipakani. Uganda ilikuwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa tangu mwaka 1993, na hata hivyo mwaka 2018 ilibainika kwamba chanjo ya udanganyifu ya homa ya ini aina ya B ilikuwa ikizunguka nchini humo. Kongo, nchi yenye ukubwa unaokaribia ule wa Ulaya ya Magharibi nzima na yenye mipaka na nchi tisa, iliunda mamlaka yake mpya ya kudhibiti dawa mwaka 2020. Rwanda iliunda yake mwaka 2018, na mwishoni mwa mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa imefikia daraja la tatu la usimamizi wa dawa. Tanzania ilikuwa imelifikia daraja hilo mwaka 2018, ikiwa ya kwanza barani Afrika, kwa taasisi ambayo leo inaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na katika mwaka 2021 ulianza kutumika mkataba wa kuunda Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao makao yake makuu yamewekwa Kigali. Haya ni maendeleo ya kweli, na hatuyabezi. Lakini lori halisomi mikataba. Mlanguzi anayebadilisha karatasi ya kopo hutafuta nchi ambayo ukaguzi wake ni dhaifu, na sehemu ya nchi hiyo ambayo iko mbali kabisa na maabara, na katika sehemu hiyo hutafuta watu walio maskini kiasi cha kutouliza. Ituri, iliyochoshwa na miaka mingi ya vita, ilikuwa na sifa zote tatu.

Wala maabara peke yake haitoshi. Maabara hupima kile inacholetewa. Ni nani atakayeipelekea kidonge cha manjano ikiwa hakuna aliyekishuku? Mwanzo wa yote ni mtu mmoja anayetambua kwamba dalili hii haifanani na ugonjwa uliodhaniwa. Nchini Gambia, ambayo ni mbali na kwetu, mwaka 2022 watoto wengi walikufa baada ya kunyweshwa dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokuwa na kemikali za viwandani. Dalili iliyoamsha watu ilikuwa moja: watoto waliacha kukojoa. Mtoto mwenye homa ya kawaida hakomi kukojoa, na madaktari waliojiuliza kwa nini figo za watoto wengi kiasi hicho zinakufa kwa wakati mmoja ndio waliofungua njia ya ukweli.

Dunia ilikwisha kulipia maarifa haya kwa gharama kubwa. Dawa ya usingizi iliyoitwa thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1957, ikatangazwa kuwa salama hata kwa wajawazito walioteswa na kichefuchefu, na mpaka ilipoondolewa madukani mwishoni mwa mwaka 1961 watoto zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa na viungo vilivyopungua. Daktari mmoja katika Ujerumani na mwingine katika Australia, kila mmoja kwa upande wake, waliunganisha watoto hao na kidonge walichomeza mama zao. Kutokana na msiba huo, mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa mataifa kuarifiana madhara ya dawa, na tangu mwaka 1978 taarifa hizo hukusanywa katika kituo kilichoko Uppsala, Sweden. Taarifa moja kutoka zahanati moja huweza kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Taarifa kumi zinazofanana, kutoka zahanati kumi zisizojuana, huwa ni jambo jingine kabisa.

Kwetu Tanzania taarifa hiyo huandikwa katika fomu ya rangi ya njano, ambayo hujazwa na mhudumu wa afya. Haihitaji uthibitisho, shaka tu yatosha. Mgonjwa anayehisi kwamba dawa imemdhuru ana haki ya kumwambia mhudumu aijaze, na mhudumu mwema hatalichukua ombi hilo kuwa ni shutuma dhidi yake. Twajua kwamba wauguzi wetu wana foleni ndefu na karatasi nyingi, na kwamba fomu isiyoleta majibu ya haraka huonekana kuwa mzigo mtupu. Hata hivyo, wale wagonjwa zaidi ya 900 hawakufika Ituri kwa siku moja. Walikuja mmoja mmoja, katika vituo mbalimbali, na kila kituo kiliona wake.

Fomu hiyo huuliza mambo machache. Huuliza dalili ilianza lini, na dawa ilianza kumezwa lini. Huuliza ni dawa gani nyingine zilizokuwa zikitumiwa wakati huo huo, hata zile zilizonunuliwa dukani bila cheti. Kisha huuliza jina la dawa inayoshukiwa, kiwanda kilichoitengeneza, na namba ya toleo. Namba hiyo ndiyo inayowezesha mamlaka kujua ni makopo yapi yaondolewe madukani na ni yapi yaachwe. Katika kifuko cha plastiki chenye maandishi “2 x 3”, namba hiyo haimo. Imeandikwa kwenye kopo, na kopo liko kwa muuzaji, ambaye huenda kesho akalimaliza na kulitupa.